Damu Ifike Vidoleni

Yako maradhi ambayo kila mwananchi huyajua kwa jina, na serikali ikiyatangazia vita kila mtu humfahamu adui. Malaria ni moja, kipindupindu ni jingine. Lakini yako mengine yauayo wengi huku yakijificha nyuma ya majina ya wenzake. Mkata mkonge huchomwa na mwiba mguuni, kidonda kikaoza, akafa. Twasema amekufa kwa kidonda. Mama hujifungua salama, siku ya nne homa ikampanda, akafa. Twasema amekufa kwa uzazi. Mzee hupata homa ya mapafu, akafa. Twasema ni mapafu. Kumbe huenda wote watatu wamepita mlango mmoja, na mlango huo waganga huuita sepsisi.

Watu wetu husema damu imeingia sumu. Jina hilo si baya kwa kuanzia, ila halitoshi. Sepsisi ni pale ambapo mwili, katika kupigana na vijidudu, huvuka mpaka na kuanza kujidhuru wenyewe: mafigo hupunguza kazi, akili huchanganyika, pumzi hubana, damu hukosa kwenda itakiwapo. Wataalamu waliohesabu maradhi ya dunia nzima kwa mwaka 2017 walikisia kuwa watu milioni 48.9 walipatwa na sepsisi katika mwaka huo mmoja, na milioni 11 katika hao walikufa. Hiyo ni karibu moja ya tano ya vifo vyote vya dunia, na sehemu kubwa ya msiba huo iliangukia nchi zisizo na mali nyingi. Mwaka huo huo wa 2017 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, uliokaa Geneva, ulipitisha azimio la kuzitaka serikali zote zilishughulikie jambo hili. Maazimio ni mema. Sisi leo twataka kuzungumza juu ya jambo dogo kuliko azimio: ncha ya kidole cha mgonjwa.

Hatua ya kutisha kuliko zote katika ugonjwa huu huitwa mshtuko wa sepsisi. Msomaji asidhani ni mshtuko wa mtu aliyesikia habari mbaya. Ni hali ambayo mishipa hulegea na kuvuja, shinikizo la damu likaanguka, na hata mgonjwa akipewa maji ya dripu haliinuki mpaka atiwe dawa ya kukaza mishipa, kama noradrenalini. Kwa miaka mingi kazi ya waganga katika hali hii imekuwa kulipandisha shinikizo hilo. Mpira hufungwa mkononi, hupulizwa, namba husomwa. Namba ikifika pale ilipoagizwa, watu hushusha pumzi.

Lakini shinikizo si damu yenyewe. Fikiri juu ya maji ya mji. Mtambo wa kusukuma maji una saa yake, na mhandisi akiitazama saa hiyo aweza kusema kwa haki kabisa kwamba bomba kubwa lina nguvu ya kutosha. Huku nyuma akina mama wa mtaa wa mwisho wamepanga ndoo tangu alfajiri na bomba halitoi hata tone. Mhandisi hakusema uongo. Alipima mahali pasipo na kiu.

Mwili nao una mtaa wake wa mwisho. Ni mishipa myembamba kuliko unywele, iitwayo kapilari, ambako damu hukabidhi oksijeni kwa nyama na kupokea taka. Mwaka 2002 waganga wa Brussels, Daniel De Backer na wenzake, walieleza walichokiona walipotazama kwa chombo maalumu mishipa midogo iliyo chini ya ulimi wa wagonjwa wa sepsisi. Waliona kwamba mingi katika mishipa hiyo haikuwa ikipitisha damu sawasawa, na kwamba hali ilikuwa mbaya zaidi kwa wale waliokuja kufa. Tangu hapo imezidi kufahamika kwamba mgonjwa aweza kuwa na shinikizo zuri katika karatasi huku nyama zake zina njaa.

Basi vyombo vikatafutwa vya kuchungulia mtaa huo wa mwisho. Viko vya kutazama chini ya ulimi, viko vya miale ya mwanga, viko vya kupima asidi iitwayo laktati, ambayo huongezeka katika damu nyama zinapokosa oksijeni. Hatuvidharau. Ila laktati ina udhaifu wake: hupanda kwa sababu nyingine pia, kama vile ini kushindwa kuiondoa au dawa za kuchochea moyo, na hushuka polepole hata baada ya damu kurudi njia yake. Mganga anayeifukuzia namba hiyo aweza kuendelea kumjaza maji mgonjwa ambaye hahitaji tena maji.

Hapa ndipo kidole kinapoingia. Mwili ukiona hatari, huibania ngozi damu kwanza ili kuulinda moyo na ubongo, kama vile baba wa nyumba akatavyo matumizi ya nguo ili watoto wale. Ngozi ndiyo ya kwanza kunyimwa, na damu ikirudi ngozi haichelewi kuonyesha. Kwa hiyo ngozi ni dirisha, na dirisha hilo halina kodi. Bonyeza ncha ya kidole mpaka iwe nyeupe, shikilia, achia, uhesabu sekunde hata rangi irejee. Katika mtu mzima mwenye afya rangi hurejea upesi. Ikipita sekunde tatu, jambo lipo.

Waganga wa zamani walilijua hili, na wauguzi wetu hufundishwa. Lakini jambo la mikono mitupu hudharauliwa, likaitwa la kizamani, mpaka waganga wa Amerika ya Kusini walipoamua kulipima kwa hesabu. Kati ya Machi 2017 na Machi 2018, Glenn Hernández wa Chile na wenzake walifanya jaribio katika hospitali 28 za Argentina, Chile, Colombia, Ecuador na Uruguay. Wagonjwa 424 wa mshtuko wa sepsisi waligawanywa kwa kura mafungu mawili sawa. Fungu la kwanza walitibiwa kwa kufuata kidole, kikipimwa kila nusu saa mpaka kirejee hali njema. Fungu la pili walitibiwa kwa kufuata laktati, ikipimwa kila saa mbili. Hata upimaji wa kidole waliuwekea kanuni: kipande cha kioo cha maabara kikandamizwe juu ya ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia kwa sekunde kumi, kisha muda uhesabiwe kwa saa. Hakuna kukisia.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2019. Hadi siku ya 28 walikuwa wamekufa 74 kati ya 212 wa fungu la kidole, na 92 kati ya 212 wa fungu la laktati. Twapenda kuwa wakweli kwa wasomaji wetu: kwa kanuni za wanahesabu tofauti hiyo haikutosha kuondoa shaka kwamba ni bahati tu. Jaribio la pili, kubwa zaidi, lililofanywa katika nchi 19 na matokeo yake kutolewa mwaka 2025, lilihesabu wagonjwa zaidi ya 1,400. Safari hii vifo vilikuwa karibu sawa katika mafungu yote mawili, kama 26 au 27 katika kila mia. Faida iliyoonekana ni kwamba waliotibiwa kwa kufuata kidole, wakihesabiwa kwa jumla, waliachana mapema zaidi na mitambo na dawa za kushikilia uhai. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba kidole kinafufua wafu. Kinachosemwa ni kwamba kumfuata mgonjwa kwa kidole na saa, katika hospitali kubwa zenye kila chombo, hakukuwa duni kuliko kufuata vyombo, na kulikuwa na heri kidogo. Katika jaribio lile la kwanza wagonjwa wa kidole walipewa pia maji pungufu, kama nusu lita hivi, katika saa nane za mwanzo.

Hiyo nusu lita ya maji si jambo dogo, na sisi wa Afrika ya Mashariki twapaswa kulijua kuliko wengine wote, kwa kuwa somo lake lililipiwa na watoto wetu. Tangu mwaka 2009 hadi mwanzo wa 2011, katika hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania, yetu ikiwa ni ile ya Teule huko Muheza, Bi Kathryn Maitland na wenzake walipima desturi iliyokuwa ikifuatwa duniani kote. Desturi ilisema kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za damu kutofika miguuni na mikononi apewe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Watoto 3,141 waliingia katika jaribio hilo. Walipewa maji ya chumvi kwa haraka, au maji ya albumini kwa haraka, au hawakupewa maji ya haraka, bali ya kawaida tu ya kuwatunza. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa maana ndani ya saa 48 walikuwa wakifa kama 10 au 11 katika kila mia ya waliopewa maji ya haraka, na 7 katika kila mia ya wale ambao hawakupewa.

Tuyatafakari hayo. Dawa iliyohesabiwa kuwa njema kuliko zote ilikuwa ikiongeza makaburi, na isingalijulikana kama wazazi wa Mbale, Soroti, Kilifi na Muheza wasingalikubali watoto wao waingizwe katika hesabu. Na si watoto peke yao. Katika hospitali kuu ya mafunzo ya Lusaka, Zambia, jaribio lililotangazwa mwaka 2017 lilihusu watu wazima 209 wenye sepsisi na shinikizo lililoanguka, wengi wao wakiwa na virusi vya Ukimwi. Waliotibiwa kwa utaratibu wa maji mengi ya mapema na dawa za mishipa walikufa 48 katika mia. Waliotibiwa kwa desturi ya kawaida ya wodi walikufa 33 katika mia.

Mtu atauliza: kidole kinahusianaje na hayo? Kinahusiana sana. Majaribio hayo ya Afrika yalionyesha kwamba dripu haina huruma kwa kuwa ni dripu. Maji yasiyokuwa na mtu wa kuyafuata kwa macho ni hatari, hasa pale ambapo hakuna mashine ya kumpumulia mgonjwa mapafu yakijaa. Na dalili moja peke yake haitoshi kumfungulia mtoto maji. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2016 lilishikilia kwamba mshtuko wa mtoto uhesabiwe pale dalili tatu zipatikanapo pamoja, yaani mikono kuwa baridi, rangi kuchelewa kurejea zaidi ya sekunde tatu, na mapigo ya mshipa kuwa mepesi tena ya haraka. Kidole basi si amri ya kufungua maji tu. Ni amri ya kuyafunga vile vile.

Tena kidole kina hila zake. Katika chumba cha baridi, kama vile wodi za Njombe mwezi wa Julai, vidole vya mtu mzima wa afya navyo huchelewa. Vya wazee huchelewa kuliko vya vijana. Taa ikiwa hafifu muuguzi haoni. Na katika ngozi nyeusi yafaa kuchagua mahali panapoonyesha rangi, yaani upande wa ndani wa ncha ya kidole. Twalisema hili kwa sababu mwaka 2011 waganga wa Paris walitoa kipimo kingine chema, cha kutazama madoadoa ya zambarau kuzunguka magoti. Lakini madoadoa hayo ni vigumu kuyaona kwa mtu mweusi, na haifai muuguzi wetu akasirishwe na kitabu kwa kutoona asichoweza kuonyeshwa.

Sasa tuje kwa wale tunaotaka kubishana nao, maana wapo wa namna mbili.

Wa kwanza watasema kwamba kubonyeza vidole ni kuturudisha nyuma. Kwamba nchi iliyojitawala yapaswa kuwa na mitambo ile ile ya Ulaya, na kuwapa wananchi kidole ni kuwapa makombo. Twawaheshimu, kwa kuwa hasira yao ina asili yake katika dhuluma ya zamani, lakini wamekosea. Mwaka 2001 hospitali moja ya Detroit ilitangaza utaratibu wa kutibu sepsisi uliotegemea mrija uliopitishwa hadi karibu na moyo na kipimo cha oksijeni kisichokoma. Wagonjwa 263 walihusika, vifo vikashuka sana, na dunia ikaigiza. Majaribio matatu makubwa yaliyofuata, ambayo matokeo yake yalitoka mwaka 2014 na 2015 kutoka Marekani, Australia na Uingereza, hayakuiona faida hiyo tena; wagonjwa wenye waganga na wauguzi makini waliokuwa karibu nao walipona vile vile bila ya mrija. Mitambo tuitake, na tuitake kwa sauti. Oksijeni, maabara, mashine za kupumulia, hivyo ni haki ya mwananchi wala havina mjadala. Ila mtambo usije ukanunuliwa ili upigwe picha siku ya ufunguzi, huku wodi usiku haina mtu.

Wa namna ya pili ndio tunaowahofia zaidi, kwa kuwa watatuunga mkono. Watasema: vizuri sana, kidole hakigharimu kitu, kwa hiyo hakuna fedha ya kutoa. Ndugu hao wamekosea kuliko wa kwanza. Kidole cha mgonjwa ni bure, lakini kidole cha muuguzi kina mshahara. Tufanye hesabu. Mgonjwa mmoja ambaye hali yake haijatengemaa, akipimwa kila nusu saa kwa muda wa saa nane, apimwe mara 16. Wagonjwa watano ni mara 80. Tukikisia kwamba kila safari, pamoja na kuosha mikono, kubonyeza, kuhesabu na kuandika, huchukua dakika tatu, tumekwisha kutumia saa nne za zamu kwa kazi hiyo moja, na bado dawa hazijatolewa, mkojo haujapimwa, aliyekata roho hajafunikwa, na mama wa kitanda cha mwisho anaita. Sasa mpe muuguzi huyo wodi nzima peke yake tangu jua kuchwa hata alfajiri, kisha umsomee jaribio la Chile. Atakutazama tu.

Kwa hiyo tunaposema damu ifike vidoleni, tunasema juu ya bajeti. Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kwamba kila nchi itaweka angalau sehemu 15 katika mia ya bajeti yake kwa ajili ya afya. Imepita kama robo ya karne, na nchi nyingi za bara hili hazijaitimiza ahadi hiyo. Chama kinachodai kuwa cha wafanyakazi na wakulima hakina budi kulikumbuka jambo hili kabla ya kulikumbushwa.

Yapo na mambo yasiyongoja bajeti. Saa ya ukutani yenye mkono wa sekunde ni bei ya vitenge vichache. Kila wodi iwe nayo, tena iwe inatembea. Karatasi ya kitandani ina safu za joto, mapigo na shinikizo. Iongezwe safu moja ya sekunde za kidole, kwa maana kisichoandikwa husahauliwa zamu zikibadilishana. Jamaa wanaolala na wagonjwa wafundishwe vile vile. Mara nyingi ni wao wasemao kwanza, "Miguu yake imekuwa baridi," nao hujibiwa kwamba wakae nje wasisumbue. Neno hilo ni habari ya kitabibu, na lipokewe hivyo.

Kubwa kuliko hayo yote ni sauti ya muuguzi. Muuguzi akiona saa nane ya usiku kwamba kidole kilichokuwa kikirejea kwa sekunde mbili sasa kinachukua sekunde sita, na mpira wa mkononi bado unaonyesha namba nzuri, afanye nini? Katika hospitali nyingi ameshajifunza kunyamaza, kwa sababu aliyewahi kumwamsha daktari kwa "kidole tu" aliulizwa kama amesomea udaktari. Utumishi wa namna hiyo ni urithi wa ukoloni uliobaki katika mavazi meupe. Bwana mkubwa alikuwa na elimu, na aliye chini yake alikuwa na miguu ya kutumwa. Kanuni ya hospitali iseme waziwazi kwamba sekunde zikizidi kiasi kilichowekwa muuguzi anayo haki ya kumwita daktari, na daktari anao wajibu wa kuja. Na iseme vile vile kwamba muuguzi akisikia mapafu ya mgonjwa yanaanza kujaa maji anayo ruhusa ya kuifunga dripu kwanza na kueleza baadaye. Madaktari wazuri hawataikataa kanuni hiyo. Tunawajua baadhi yao ambao wameanza kuifuata bila kungoja kuandikiwa.

Wanachama walio madiwani, na walio katika bodi za hospitali na kamati za zahanati, wanacho la kufanya katika kikao kijacho. Wasiulize kama huduma ni nzuri, maana wataambiwa ni nzuri. Waulize ni wauguzi wangapi waliokuwa zamu usiku wa jana katika wodi ya wanaume, katika wodi ya wazazi na katika wodi ya watoto, na ni vitanda vingapi vilivyokuwa na watu. Jibu litolewe kwa tarakimu, na liandikwe katika kumbukumbu za kikao.